Wanangu wanataka kuuza shamba la parachichi wanipeleke India kwa dawa ya nano

BARUA

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Rungwe, nina miaka 49. Mume wangu alifariki mwaka 2018. Aliniachia watoto watatu na shamba la ekari mbili ambalo tulikuwa tumeshalipanda miparachichi aina ya Hass, miti 140. Mwenyewe amelala palepale, upande wa juu, kwenye migomba. Wa kwanza ni kijana, yuko kazini Dar es Salaam. Wa pili ni binti, anasoma maabara chuoni Mbeya mjini, mwaka wa tatu. Wa mwisho yuko kidato cha tatu, bweni, Iringa, na ada yake inatoka kwenye parachichi hizohizo.

Mwaka 2021 nikiwa naoga niligusa kiuvimbe kwenye titi la kushoto. Nilichelewa miezi minne kwa sababu hakikuwa kinauma. Walipochukua kinyama wakakuta ni saratani. Nilitolewa titi, nikapewa dripu za ile dawa nyekundu mara nne, halafu dawa ya pili ile inayochukua saa tatu. Siku ya kwanza ya dawa hiyo ya pili sitaisahau. Hazikupita dakika kumi kifua kikabana, uso ukawaka moto, nikaona manesi wanakimbia kufunga dripu. Baadaye wakanirudishia polepole baada ya sindano nyingine za kuzuia mzio, nikamaliza. Lakini iliniachia ganzi. Mpaka leo chaki inanidondoka ubaoni, watoto wanaiokota wananirudishia. Halafu nikaenda Dar kwa mionzi, wiki tano, nikilala kwa binamu yangu Mbagala.

Nikakaa vizuri miaka miwili. Mwaka jana mwishoni mgongo ukaanza. Nikasema ni jembe. Nikapaka dawa za kuchua, nikabadilisha godoro. Ulipofika wakati wa kushindwa kuinama kufunga viatu, nikaenda. Vipimo vikaonyesha madoa kwenye mifupa ya mgongo na mengine mawili kwenye ini.

Daktari alikuwa kijana mpole sana. Alifunga mlango, akavuta kiti karibu. Akaniambia, "Mama, ugonjwa umesambaa. Kuanzia sasa hatuzungumzii kuumaliza, tunazungumzia kuutuliza ili uishi nao vizuri kadiri inavyowezekana." Nilimuuliza muda gani. Akasema hawezi kunipa namba kwa sababu watu hutofautiana mno. Nikamshukuru, nikapanda bajaji mpaka stendi, nikanunua mkate wa nyumbani.

Shangazi, sikuwaambia wanangu hayo. Nimewaambia, "Imerudi kidogo, wataniongezea dawa." Basi.

Sasa binti yangu ndiye amewasha moto. Wamefundishwa chuoni habari za dawa za nano. Jumamosi moja alikuja na daftari lake, amechora viduara vina vinywele pembeni, mishipa ya damu ina vitundu, mishale myekundu. Akanieleza macho yakimng'aa: "Mama, hizi chembe ni ndogo mno. Zinapita kwenye vitundu vya mishipa ya uvimbe, kwingine haziwezi kupita. Zinaua saratani tu, mwili hauguswi. Nywele zako hazitanyonyoka tena." Kaka yake akatafuta kwenye simu, akampata mtu anayepeleka wagonjwa India. Na mnunuzi wa shamba wameshampata, ametaja milioni 18. Haitoshi, wanasema kinachobaki watakopa. Wamenipa mpaka mwezi ujao nitoe jibu.

Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, amesema shamba la kaka yake haliuzwi maadamu yeye anapumua. Kijana wangu akamjibu vibaya mbele ya watu. Hawajasalimiana tangu siku hiyo.

Mimi sitaki shamba liuzwe. Lakini naogopa kusema sitaki. Nikikataa, binti yangu ataona nimekata tamaa, na siku nikiondoka atasema mama angepona, ni sisi tulishindwa kumlazimisha. Nikikubali, nitakwenda kulala ugenini nikijua ninachokijua, na mdogo wao arudishwe nyumbani kwa kukosa ada. Wakati mwingine usiku najiuliza: na kama binti yuko sahihi? Kama kweli dawa hiyo ipo, mimi ni nani wa kuikataa?

Kwenye karatasi yangu ya majibu ya zamani kuna herufi na alama za kujumlisha na kutoa ambazo sikuwahi kuelezwa. Kliniki yangu ni Alhamisi ya wiki ya tatu mwezi huu.

Nishauri, Shangazi. Ndaga fijo.

Mama wa parachichi, Rungwe

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba, mdogo wangu. Pole sana. Barua yako nimeisoma jana usiku, nikairudia leo asubuhi kabla hata ya chai, na pale uliponunua mkate baada ya kutoka kwa daktari nikasimama. Umebeba habari nzito kuliko zote ulizowahi kuambiwa, na mkononi umeshika mkate wa watoto. Nimekuona.

Nianze kwa kukurudishia ulichoniambia, nione kama nimekuelewa. Una saratani ya titi iliyofika kwenye mifupa na ini. Unajua, kwa sababu umeambiwa waziwazi, kwamba matibabu ya sasa ni ya kuituliza. Wanao hawajui hilo. Wao wanapanga kuuza shamba wakiamini wananunua kupona kwako. Wewe unawatazama wakipanga, unaujua ukweli, umenyamaza, na sasa umepewa tarehe ya kujibu. Kwa hiyo naona umeniletea maswali mawili ndani ya bahasha moja: swali la dawa, na swali la ukimya. Ulilonieleza kwa urefu ni la dawa. Linalokukosesha usingizi, nadhani, ni la pili.

Hata hivyo la dawa nalo linastahili jibu la heshima. Binti yako hajadanganywa. Alichochora kwenye daftari ni elimu ya kweli ambayo imekatwa mkia.

Mwaka 1986 Wajapani wawili, Yasuhiro Matsumura na Hiroshi Maeda, waliandika kwamba mishipa ya damu inayolisha uvimbe wa saratani huwa na matundu, tofauti na mishipa mizima, na kwamba vitu vyenye ukubwa fulani hupenya humo na kubaki. Vile vitundu vya kwenye daftari asili yake ni hapo. Wanasayansi wakaanza kufunga dawa za saratani ndani ya vifurushi vidogo mno vipate kupita. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Kifurushi cha nanomita 130 ukikipanga na wenzake kwenye upana wa chembe moja nyekundu ya damu, vitaingia zaidi ya 50. Na hivyo vinywele vya pembeni navyo ni vya kweli: ni koti ambalo baadhi ya vifurushi huvalishwa ili askari wa mwili wasivikamate mapema.

Mkia uliokatwa ni huu. Vifurushi haviendi vyenyewe kwenye uvimbe kama mtu aliyepewa anwani. Vinazunguka na damu mwili mzima, na vingi huishia kwenye ini na bandama, ambako mwili huchuja takataka. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, walikusanya tafiti za miaka kumi zilizofanywa kwa wanyama, wakakuta kiwango cha kati cha vifurushi vilivyofika kwenye uvimbe ni asilimia 0.7 ya vilivyodungwa. Si hata kimoja katika mia. Hilo halifanyi dawa hizi kuwa za uongo. Linaondoa yale maneno mawili ya binti yako, "saratani tu" na "hauguswi". Na nywele zako, mdogo wangu, kwa mojawapo ya dawa hizi zingenyonyoka vilevile.

Nikueleze kwa lugha ya shamba lako. Parachichi ukilitia kwenye gunia ukalirusha juu ya fuso, linafika limechubuka. Ukilipanga kwenye kreti ndani ya gari la baridi, linafika zima. Lakini ni parachichi lilelile. Dawa nyingi za nano zilizopo hospitalini leo kwa saratani ya titi iliyosambaa ni dawa za zamani kwenye kreti mpya. Mbili kati yake wewe unazifahamu mwilini mwako.

Ile ya saa tatu iliyokubana kifua, kwa maelezo yako, inafanana sana na paklitakseli. Dawa hiyo haiyeyuki kwenye maji, kwa hiyo toka zamani huyeyushwa kwa kimiminika kilichotokana na mafuta ya nyonyo, na kimiminika hicho ndicho kinachosababisha sehemu kubwa ya mizio ya namna ile. Kreti mpya yake imetengenezwa kwa albumini, protini ambayo tunayo sote kwenye damu. Marekani waliiruhusu kwa saratani ya titi iliyosambaa Januari 2005. Haina yale mafuta na huingia kwa nusu saa. Katika utafiti wa wagonjwa 454 uliotolewa mwaka huohuo, uvimbe ulinywea kwa asilimia 33 ya waliopewa ya albumini, na kwa asilimia 19 ya waliopewa ya kawaida. Ugonjwa ulitulia kwa kama wiki 23 kabla ya kuanza kusonga tena, dhidi ya wiki 17. Ukiangalia urefu wa maisha kwa wote kwa pamoja, tofauti haikuwa ya kutegemewa. Na ganzi kali ya mikono na miguu iliwapata asilimia 10 ya waliopewa mpya, dhidi ya asilimia 2, kwa sababu mojawapo kwamba kipimo chao kilikuwa kikubwa zaidi.

Soma hizo namba ukiwa na chaki mkononi. Kwa mtu aliyepata mzio kama wako, kreti hiyo mpya ina maana kweli, si ndoto ya chuoni. Kwa mwalimu ambaye vidole tayari vina ganzi, bei yake inaweza kuwa ubao wenyewe. Na kwa kuwa ini lako limeguswa, daktari atataka kulipima kwanza kabla ya kuamua kipimo cha dawa. Yote mawili ni yako, na hakuna anayeweza kukupimia lipi zito.

Ile nyekundu, nadhani ni doksorubisini. Inajulikana kwa kuuchosha moyo, ndiyo maana madaktari huwa na ukomo wa jumla ya kiasi ambacho mtu hupewa maishani. Kreti yake ni kifuko kidogo mno cha mafuta kiitwacho liposomu. Mwaka 2004 ulitolewa utafiti wa wanawake 509 wenye saratani ya titi iliyosambaa. Ya liposomu ilituliza ugonjwa kwa karibu muda uleule wa ya kawaida, miezi 6.9 kwa 7.8, ila madhara kwa moyo yalikuwa machache sana kuliko kwa ya kawaida. Badala yake karibu nusu ya waliopewa ya liposomu walipata wekundu, maumivu au kubanduka ngozi viganjani na kwenye nyayo, kitu ambacho kwa dawa ya kawaida kiliwapata asilimia 2 tu. Unaona mwenendo wake. Mzigo unahama bega.

Sasa naomba nikuulize jambo: nani alisema nano ni India? Katika barua yako haya mawili yameshonwa pamoja, na sioni uzi. Viwanda vya India vinatengeneza dawa hizi, ni kweli, lakini chupa ya dawa husafiri kwa urahisi kuliko mama mwenye madoa kwenye uti wa mgongo. Kabla mnunuzi hajaleta hela, swali la kumpelekea daktari wako ni dogo: "Nilipata mzio mkali wa paklitakseli. Je, ile ya albumini inafaa kwangu? Kama inafaa, inaweza kuagizwa, na bima yangu itachangia au nitanunua mwenyewe?" Anaweza kusema haifai. Anaweza kusema inapatikana Dar kwa bei fulani. Huenda likawa jambo la kuuza mavuno ya msimu, au kumkodisha mtu sehemu ya shamba kwa muda, badala ya kuuza ardhi. Au bei ikawa kubwa hata hivyo. Lakini mtakuwa mnajadili kitu chenye jina na bei.

Na zile herufi! Hizo ndizo ningetamani binti yako azichore kabla ya viduara. Inaelekea ni ER, PR na HER2. Mbili za kwanza ni vipokezi vya homoni: zikiwa na alama ya kujumlisha, ina maana saratani yako inalishwa na homoni, na kuna vidonge vya kumeza nyumbani vinavyoweza kuituliza, wakati mwingine kwa muda mrefu. HER2 ni protini iliyo juu ya chembe za saratani; ikiwa ya kujumlisha, kuna dawa zinazoilenga hiyo hasa, kama trastuzumabu. Zote zikiwa za kutoa, njia ni nyingine tena. Alama hizo zinaamua mengi kuliko neno nano. Muulize pia kama inafaa kuchukua kinyama kipya, kwa sababu saratani ikihamia mahali pengine inaweza kubadilika isifanane na ile ya mwanzo.

Nisiifunge hata hivyo njia ya India kana kwamba ni ya wapumbavu. Wapo waliokwenda wakasaidiwa. Ila wanao wajue wanachonunua. Dawa za saratani iliyosambaa hutolewa kwa mizunguko, mara nyingi kila baada ya wiki tatu, na huendelea maadamu zinafanya kazi na mwili unazimudu. Si kwamba unakwenda, unatibiwa, unarudi. Milioni 18 na mkopo juu yake zitalipia mizunguko mingapi, pamoja na nauli, chumba, na mtu wa kukuuguza? Na zikiisha dawa ikiwa bado inasaidia, je? Huyo mpelekaji wagonjwa naye aulizwe analipwa na nani, ninyi au hospitali anayowapeleka. Mwingine anaweza kuwa mkweli kabisa, lakini lazima muulize. Pia ipo njia ya katikati: nakala za picha na vipande vya kinyama vinaweza kusafirishwa vikasomwe na mtaalamu mwingine, Dar au nje, wewe ukiwa kwako unaangalia mvua.

Kuhusu shemeji, nakuomba usimwone kama ukuta tu. Shamba la marehemu lina njia yake ya sheria. Kama mirathi haikufunguliwa mahakamani na msimamizi hakuteuliwa, basi hakuna mwenye mamlaka ya kuuza, si kijana wako wala si shemeji, na mnunuzi anaweza kujikuta kwenye kesi. Huyo mdogo wao wa Iringa naye ni mrithi. Hasira ya shemeji yako nayo, nahisi, ina kaka yake ndani yake, kule kwenye migomba.

Haya. Nije kwenye ukimya.

Unasema ukikataa binti ataona umekata tamaa. Je, ni hakika? Anachokiona sasa ni mama ambaye ugonjwa wake "umerudi kidogo" anayesitasita kutibiwa. Kwa habari aliyo nayo, hata mimi ningekulazimisha. Hakatai kukusikia, hajapewa cha kusikia. Na unasema siku ukiondoka atajilaumu. Anaweza kujilaumu, ndiyo. Lakini jiulize ni lipi linalolaumisha zaidi: kujua alikuwa anapigania kitu gani, au kugundua baadaye, kwenye karatasi ndani ya sanduku, kwamba mama alijua na yeye alikuwa anamchorea mishale.

Nasema hivi nikiwa na kidonda changu. Nilimuuguza mdogo wangu, Iringa, miaka mingi iliyopita. Sisi ndio tulioficha. Tuliambiwa na daktari, tukakubaliana asijue. Tulicheka mbele yake, tukalia jikoni. Baada ya mazishi tulifungua kabati tukakuta kila sahani na kila sufuria imebandikwa plasta nyeupe, ile ya hospitali, na jina la mtoto atakayeichukua. Alikuwa anajua muda wote, akituacha tucheke. Plasta yenye jina langu ilikuwa kwenye birika. Mpaka leo sijui alitamani kuniambia nini wakati namimina chai kutoka humo.

Simaanishi kwamba lazima useme. Kusema kuna hatari zake na sitazificha. Binti yako anaweza kuvunjika katikati ya masomo. Kijana anaweza kukimbilia kuuza haraka zaidi. Wa mwisho anaweza kutoroka bweni aje akae nawe. Kuna wazazi waliochagua kuwaambia wakubwa kwanza na mdogo akangoja likizo. Kuna waliomwomba daktari aseme wao wakiwa wamekaa pembeni, kwa sababu mdomo wao haukuweza. Kuna waliosema nusu, wakaacha mlango wazi: "Daktari aliniambia zaidi ya nililowaambia. Mkiwa tayari kuuliza, nipo tayari kujibu." Hiyo ya mwisho naipenda, lakini ni mimi. Wewe unawajua wanao, unajua nani huuliza na nani hukimbilia shambani.

Vipi kama binti yako ataambatana nawe hiyo Alhamisi, na daftari lake? Namwonea huruma mtoto yule. Amesoma kitu kizuri kweli, akaona mama yake ndani yake. Akae mbele ya yule daktari mpole, aonyeshe viduara vyake, aulize maswali ya maabara ambayo mimi na wewe hatuyajui, ajibiwe kama msomi. Huenda pale ukweli ukatoka bila wewe kutafuta maneno. Au ukaona uso wake, ukaamua bado. Zungumza na daktari mapema ili ajue nani anajua nini.

Jambo ambalo hukuliandika: maumivu. Umesema huwezi kuinama, kisha ukahama haraka kama mwalimu anayefuta ubao. Omba kuonana na watu wa tiba shufaa, wale wanaotuliza maumivu na dalili nyingine za ugonjwa mzito. Watu huogopa jina hilo wakidhani ni chumba cha kungojea kifo, lakini hutolewa sambamba na dawa nyingine. Kwa maumivu ya mfupa uliovamiwa na saratani, mara nyingi mionzi ya siku moja tu hupunguza maumivu kama ile ya siku nyingi. Muulize daktari kama unafaa, maana safari ya siku chache si sawa na wiki tano za Mbagala. Kuna dripu za kuimarisha mifupa. Kuna mofini ya maji, ambayo ikipimwa vizuri haimgeuzi mtu teja. Mama asiyelia na mgongo usiku hufikiri kwa utulivu zaidi kuhusu mashamba na safari.

Na hili ulishike leo, usingoje Alhamisi: kwa sababu saratani iko kwenye uti wa mgongo, siku yoyote ukiona miguu inalegea, ganzi imepanda mapajani au sehemu za siri, au mkojo na choo vimegoma au vinatoka bila wewe kujua, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata iwe usiku. Waambie "nina saratani ya mifupa ya mgongo na miguu imelegea." Kuwahi ndiko kunakookoa kutembea. Hili mwambie na jirani.

Sikuambii uuze wala usiuze, useme wala usiseme. Ningependa tu jibu utakalowapa liwe lako, lisitoke kwa sababu mwezi umeisha na mnunuzi anapiga simu. Unaweza hata kuwaomba wasogeze tarehe. Umewazaa, umewafundisha kusoma. Wiki mbili wanaweza kukupa.

Nitakuwa nakuwaza Alhamisi hiyo. Niandikie zile alama zilisema nini, na binti yako aliuliza nini. Ndaga, mdogo wangu.

Shangazi